Kijiti cha Kipimo

Reli yetu ilikuwa na upana wa kijiti kimoja. Kilikuwa kipande cha mwanzi, urefu wake sawa na kiganja cha mtoto, ncha zote mbili zimechongwa zikawa bapa, na katikati kimefungwa uzi mwekundu kisipotee majanini. Mtoto wa mtaa wetu hapa Kasongo, nchini Kongo, aliyetaka kutengeneza kipande cha reli alikwenda kwanza kukiazima. Alilala nacho usiku mmoja, kesho yake akakirudisha kwa kijana mkubwa aliyekitunza, ambaye sote tulimwita Yaya.

Kila mmoja alitengeneza kipande chake nyumbani: ubao wenye urefu wa mkono, na juu yake fito mbili za mwanzi zilizoshikizwa kwa miiba na ulimbo. Magurudumu tuliyakata kwenye soli za kandambili zilizochakaa. Mabehewa yalikuwa makopo ya sardini, yakiunganishwa kwa kulabu za waya. Kandokando ya fito kila mtu aliweka anachokijua. Mmoja alipanda shamba la mpunga kwa majani makavu, mwingine alijenga msikiti wa udongo, mwingine alitandika soko la mama wauza mawese, kila dumu la mafuta likiwa punje moja ya mahindi. Siku ya kufunga shule tulitoka majumbani na reli vichwani, tukakutana chini ya mwembe.

Hapo ndipo ufundi ulipoanza. Chini ya mwembe pana mizizi, na ardhi haiko sawa. Yaya alipiga magoti, akalaza shavu karibu na udongo, akaangalia fito zilivyopangana. Kisha kwa kila kiungo alipitisha kidole cha shahada kutoka kipande hiki hadi kile, polepole, kama anayepapasa uso wa mtoto mwenye homa. Kidole kikikwama hata kidogo, alichomeka ganda la mwanzi chini ya upande ulioshuka, akapitisha kidole tena. Tulikuwa na vipande kumi na viwili, kwa hiyo viungo kumi na kimoja, na asubuhi nzima iliishia kwenye viungo hivyo. Katikati ya kipande chako Yaya hakugusa kitu. Hata kama nyumba zako zilikuwa ndefu kuliko minazi, hilo lilikuwa lako. Ila ncha zilikuwa za wote.

Nilipokuwa mtu mzima nikajua kwamba duniani kuna wazee wenye mvi wanaofanya mchezo huohuo. Huko California, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wapenzi wa treni ndogo walikubaliana vipimo vilivyokuja kuitwa NTRAK: meza yenye urefu wa sentimeta 122 hivi, na reli zinazotokeza ukingoni mahali palepale kwa kila mtu. Ujerumani, tangu 1981, kuna chama kiitwacho FREMO, ambacho wanachama wake husafirisha meza zao kwa magari, wakazipanga kwenye ukumbi mkubwa zikawa njia moja ndefu. Treni zao hupita kwa ratiba, na saa ya ukutani huzungushwa haraka ili siku nzima ya reli itoshee katika saa chache. Kila behewa lina karatasi yake inayosema limebeba nini na linakwenda wapi. Watu wasiowahi kuonana hufika asubuhi, na kufikia mchana treni ya mmoja inapita kwenye kijiji cha mwingine bila kutikisika. Nilipoyajua hayo sikushangazwa na injini zao za umeme. Nilichokiona ni kidole cha Yaya.

Nausifu ufundi huu kwa sababu najua reli yenyewe, ile ya chuma, iligharimika kwa kukosa kijiti kimoja. Njia ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilijengwa na kampuni ya CFL kwa sababu mto Lualaba una maporomoko yasiyopitika kwa meli, likiwemo lile lango jembamba la mawe karibu na Kongolo waliloliita Mlango wa Jehanamu. Mwaka 1911 treni zilikuwa zinakwenda. Lakini reli hiyo ilikuwa na upana wa milimita 1,000, na reli za Katanga milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, hazifiki vidole vinne vya mtu mzima. Behewa la huku halikuweza kukanyaga reli ya kule. Mwaka 1955 njia ya kwetu ilipanuliwa ili iweze kuungana na ya kusini. Ile ya Kisangani hadi Ubundu imebaki na milimita zake 1,000 hadi leo, peke yake, kama neno lisilo na jibu. Wahandisi wote hao walikuwa na elimu kubwa. Tatizo ni kwamba kila mmoja alichonga ncha yake kwa kipimo chake.

Kasongo yenyewe haina reli. Ukitaka treni unavuka Lualaba, unakwenda Samba. Kabambare, huko mashariki vilimani, ni mbali zaidi: mtoto anaweza kuzeeka pale bila kusikia filimbi ya treni. Ndiyo maana tulishangaa mwaka ule alipofika mgeni, mpwa wa jirani yetu, ameshuka kutoka Kabambare na kipande cha reli kichwani, amekifunga kwa kanga ya mama yake.

Njia hiyo ya kutoka Kabambare imezoea vitu vinavyobebwa vipande vipande. Mwaka 1876 mpelelezi Stanley alipopita Kabambare kuja Kasongo na Nyangwe, mashua yake, Lady Alice, ilikuwa imetenganishwa sehemu sehemu, iko mabegani mwa wapagazi. Vitabu vinamtaja mwenye mashua. Mimi huwafikiria wapagazi, waliojua kwamba sehemu moja ikitumbukia bondeni, zilizobaki si mashua tena.

Mgeni alifungua kanga. Hakuwahi kuona treni, lakini alikuwa amejenga daraja la kamba juu ya mto, kamba zake nyuzi za mwale zilizosukwa nyembamba kama unywele, na kila upande kilima cha udongo mwekundu chenye vijia. Tulinyamaza. Hakuna kati yetu aliyekuwa na kitu kizuri hivyo. Yaya akachukua kijiti, akakiweka kati ya fito za mgeni. Hakikuingia. Reli yake ilikuwa nyembamba kwa nusu ya kidole.

Mtoto mmoja alicheka. Yaya hakumtazama. Alimwambia mgeni, “Mdogo wangu, kazi yako ni nzuri. Unaniruhusu nisogeze ufito mmoja?” Mgeni aliitikia kwa kichwa. Yaya aling'oa miiba mmoja mmoja kwa meno, akaipanga juu ya jani isipotee, akasogeza ufito, akausimamisha kwa kijiti, akarudisha miiba. Kilima hakikuguswa. Daraja halikuguswa. Kisha akaweka kipande hicho katikati ya safari, si mwishoni, akapitisha kidole kwenye viungo vyake viwili.

Tuliisukuma treni kwa ufito mrefu. Makopo yalipita msikitini, yakapita sokoni, yakapanda daraja la kamba lililotetemeka lakini likashika, yakashuka upande wa pili. Mlio wao kwenye viungo ulikuwa uleule mwanzo hadi mwisho, na mgeni alikimbia kando yake akiwa ameinama, mikono imetangulia, tayari kudaka behewa litakaloanguka. Halikuanguka.

Jioni kila mtu alibeba chake. Siku ya safari ya kurudi, Yaya alikata mwanzi mpya, akaulinganisha na kile kijiti cha zamani mara tatu, akauzungushia uzi mwekundu, akampa mgeni.

“Wape na wenzako,” alisema.

Reli ya chuma haijafika Kabambare. Kipimo kilifika, kimefungwa pembeni mwa kanga.