Kilio si swali

Ndugu wasomi, nani kati yetu hajaandika kwenye grupu ya WhatsApp: "Musaada jamani, programu inakatala"? Mimi niliandika hivyo mara tatu kwa usiku mmoja, wakati wa TFC yangu. Leo nataka kukosoa namna tunavyotafuta msaada, kuanzia kwangu mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa ramani ya vyanzo vya maji, toka Butembo mpaka Lubero. Nilichukua pointi na GPS, nikaziandika zote ndani ya Excel, kisha nikaziingiza ndani ya QGIS. Pointi za Lubero zikakaa mahali pake. Za Butembo zikaenda kutua karibu na Ncha ya Kusini, kule kwenye barafu! Defansi ilikuwa imebakiza siku nne.

Kwenye grupu wa kwanza akajibu: "Yaya, toa hiyo programu, uirudishe." Wa pili: "Hiyo ni virusi." Wa tatu akanipa programu ingine, ya kulipia, lakini kopi ya wizi. Nayo ikakwama. Nikaandikia kampuni yenyewe, wakaniomba namba ya leseni. Ningetoa wapi? Siwezi kuwalaumu. Tukitumia kopi ya wizi, mlango wa msaada rasmi tumeufunga sisi wenyewe.

Mwishowe nikauliza watumiaji wa QGIS wanaoandika Kifaransa. Badala ya jibu, nikapewa maswali: toleo gani? SCR gani? Tuonyeshe mistari mitano ya jedwali lako. Nikakasirika, nikafikiri wananizarau. Lakini nilipokuwa nachagua ile mistari, njo nikaona: kwenye safu ya Y, Butembo ilikuwa na mita kama 15 000, Lubero zaidi ya 9 900 000.

Kumbe ni ikweta! Inapita kati ya Butembo na Lubero. Wote tuko zone 35 ya UTM, lakini Butembo ni 35 Kaskazini (EPSG 32635), na Lubero ni 35 Kusini (EPSG 32735). Upande wa kusini, hesabu ya Y inaongezewa mita 10 000 000 ili isishuke chini ya sifuri. Mimi niliambia programu kwamba pointi zote ni za kusini, sababu nilifuata somo lililoandikwa kwa watu wa Goma. Nikagawa jedwali mara mbili, kila kipande na SCR yake, nikageuza vyote kuwa latitudo na longitudo za WGS 84, nikaviunganisha. Ilikwisha usiku ule ule.

Programu haikuwa na kosa lolote. Ilitii kile nilichoiambia.

Sasa ukosoaji wangu. Kwetu sisi: kuandika "inakatala" bila toleo, bila ujumbe wa kosa, bila kipande cha data, ni kulia tu. Na hata jibu zuri likipatikana kwenye WhatsApp, kesho linazikwa chini ya salamu na pole, na promosyo inayofuata inaanza kulia upya. Kwa masomo yetu: tunafundishwa kubonyeza, hatufundishwi kueleza kosa. Kwa wenye majukwaa nao: GIS Stack Exchange ina majibu mengi sana, lakini swali linapaswa kuandikwa kwa Kiingereza, na sisi tumesomea Kifaransa. Mtu anaweza kujua tatizo lake vizuri na bado akashindwa kuingia.

Hiyo ya lugha hatutaimaliza leo. Lakini faili moja ya chama chetu tunaweza kuianza: swali, toleo, sababu, suluhisho. Mtu asome mbele ya kulia. Mimi ninaweka ya kwanza, hii ya ikweta, kwa kila mwenye kuchora ramani inayovuka toka Butembo kwenda Lubero.

Na wewe, ulikwama wapi, na ulitokaje?