Sifa za Kihesabio

Katika jumba la maduka la Ibn Battuta, hapa Dubai, imesimama nakala ya saa ya tembo aliyoisanifu fundi al-Jazari katika kitabu chake cha mwaka 1206: ndani ya mwili wa mnyama bakuli lenye tundu huelea juu ya maji, likajaa taratibu hata likazama kila nusu saa, na kwa kuzama likavuta kamba, tufe likaporomoka. Wapitao humpiga picha tembo. Mimi nalistaajabia bakuli, kwa kuwa ndilo lenye hesabu.

Hesabu hiyo yaweza kufanywa kwa umeme pia, bila maji. Mwaka 1918 Waingereza Eccles na Jordan waliunganisha vali mbili za redio, kila moja ikiizuia nyingine, wakapata chombo chenye hali mbili tu, sifuri na moja, kisichobadilika mpaka kisukumwe. Ndiyo flipflopu. Ukizipanga nne, kila moja ikigeuzwa na iliyotangulia, zitakuwa kihesabio cha kutoka 0 hadi 15. Saba zafika 127, nazo zatosha kuhesabu ghorofa katika lifti iwapandishayo watalii ghorofa ya 124 ya Burj Khalifa.

Aliyeridhika hapo hajauonja ufundi. Kihesabio cha namna hiyo kinapotoka 7 kwenda 8, biti zote nne, yaani hali za flipflopu zote nne, sharti zigeuke, lakini kwa kuwa kila moja yangoja habari ya jirani yake, saketi hupita kwanza 6, kisha 4, kisha 0, ndipo ifike 8. Ni uongo wa nanosekunde chache, jicho haliutambui. Ila lango la mantiki lililowekwa kuingojea sifuri huutambua, likatenda kazi ambayo wakati wake haujawadia. Basi fundi mahiri huzipa flipflopu zote pigo moja la saa ya saketi, na kwa malango yake ya mantiki huamua mapema ipi igeuke: ya kwanza daima, ya pili iwapo ya kwanza ni moja, ya tatu iwapo zote mbili zilizotangulia ni moja, zikaenda pamoja kama maamuma kwa takbira ya imamu.

Kazi hii yote ya kupanga flipflopu na malango aghalabu hufanyika kwenye karatasi, kabla waya haujaguswa. Anayeniuliza ya nini taabu hiyo, ilhali chipu iliyokamilika ya kuhesabu 0 hadi 9 yauzwa mtaani Deira kwa dirhamu chache, namwambia akainunue, kisha achore mwenyewe jinsi inavyotoka 9 ikarudi 0.