Kwaheri ya Mkono wa Kushoto

Msimu ujao nitavaa jezi nyingine. Fomu za uhamisho zimetiwa saini, ada ya klabu mpya imelipwa, na wenzangu ninaowaacha wameshaniita msaliti, mtoro na bwana harusi aliyekimbia siku ya nikaha. Mmoja amedai nirudishiwe mahari, mwingine akamkumbusha kwamba mahari sikuwahi kumaliza kutoa. Yote nimeyapokea kwa furaha, maana katika mpira wa magongo wa ridhaa hapa Nairobi hakuna anayehama kwa sababu ya pesa. Pesa zenyewe hazipo. Mchezaji hulipa ada yake, hununua gongo lake, hujitafutia nauli, na goti likivimba hujinunulia barafu. Ukiona watu wanakutania kiasi hicho kwa kuondoka, ujue walikupenda.

Sababu yangu ni ya kawaida kabisa: kazi imehamia upande wa pili wa mji, na foleni ya jioni haimhurumii mtu mwenye mazoezi saa kumi na mbili. Basi. Ila nilipokaa kuandika maneno ya kuagana, sikujikuta nikiwaza mabao, vikombe wala msimamo wa ligi. Niliwaza mkono wa kushoto, na watu walionifundisha kuutumia.

Mkono huu tumelelewa kuuficha. Hatuli nao, hatusalimii nao, na mtoto anayempokea mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto hukemewa papo hapo. Kwenye gongo mambo hupinduka. Sheria inaruhusu upande mmoja tu wa gongo kuugusa mpira, ule bapa. Upande wa mgongo, uliovimba kidogo, ukiugusa mpira ni faulo. Wala hakuna gongo la watu wa mashoto: dunia nzima inachezea gongo la namna moja. Sasa mpira ukiwa kulia kwako huna shida. Ukiwa kushoto, itakubidi uligeuze gongo, kichwa kitazame chini, ili ule upande bapa uupate mpira. Kazi ya kugeuza ni ya mkono wa kushoto, ulioshika juu kabisa mwishoni mwa mpini. Mkono wa kulia, wenye nguvu na majivuno yake yote, unakaa chini na kulegea, mpini uzunguke ndani ya kiganja chake. Mgeni wa mchezo hukataa jambo hili kwa mwili mzima. Hukaza kulia, gongo likakataa kugeuka, mpira ukapita.

Klabuni kwetu kulikuwa na mzee mmoja, beki wa zamani, tuliyemwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki. Wageni hakuwapa mpira wa kupiga. Aliwaamuru waweke mkono wa kulia mgongoni, walishike gongo kwa kushoto pekee, wauvute mpira kulia, wageuze, waurudishe kushoto, wageuze tena, mpaka misuli ya chini ya kiwiko iwake moto. Yeye mara nyingi alikuwa ametupa mgongo, akizungumza na mtu mwingine. Alikuwa akitusikiliza. Mpira wetu ni mgumu, uzito wake ni kati ya gramu 156 na 163, na ukigongwagongwa ovyo husikika uwanja mzima. Unaovutwa na mkono uliotulia hausikiki sana, kwa sababu gongo haliachani nao kwa muda mrefu. "Nasikia kelele," Mwalimu alisema bila kugeuka, na kila mmoja wetu alijua anasemwa nani.

Ufundi huo una safari ndefu. Waingereza waliandika sheria za mchezo na kuusambaza katika makoloni yao, lakini magongo yao ya zamani yalikuwa na kichwa kirefu, kizuri kwa kupiga na kukimbiza, kigumu kugeuza. Ni Wahindi waliofupisha kichwa cha gongo na kuupa mchezo kifundo cha mkono. Magongo ya mbao ya mforsadi kutoka Sialkot yalifika mpaka huku kwetu, na pamoja nayo ile chenga ya kulia-kushoto ambayo dunia nzima inaitambua kuwa ya Kihindi. Katika Kenya ya kikoloni, wakati kila jamii iliwekwa mtaa wake na shule yake, Masingasinga na Wagoa walikuwa na klabu zao Nairobi na miji mingine, na humo baba alimpa mwanawe gongo, kaka akampa mdogo wake.

Wakenya wengi wanaikumbuka Tokyo ya 1964 kwa medali ya shaba ya Wilson Kiprugut katika mita 800, medali ya kwanza ya nchi yetu kwenye Olimpiki. Ni haki wakumbuke. Wachache wanajua kwamba katika michezo hiyohiyo timu yetu ya magongo ilishika nafasi ya sita duniani. Kapteni wake alikuwa Avtar Singh Sohal, beki aliyecheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972, tatu za mwisho akiwa kapteni. Surjeet Singh Panesar naye alicheza zote nne. Na mwaka 1971, Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Ya nne duniani! Nasema kila ninapopata nafasi kwamba habari hii ilistahili kuwa kwenye vitabu vya shule, na sitaacha kuisema kwa kuwa nimehama klabu.

Halafu likaja zulia. Olimpiki ya Montreal ya 1976 ilikuwa ya kwanza ambayo magongo yalichezwa juu ya nyasi bandia, na tangu hapo mchezo haukurudi nyuma. Mpira haudundi tena kwa bahati mbaya, unakwenda ulikotumwa, na kasi imepanda mno. Lakini zulia ni ghali, na nchi zilizokuwa zikishinda kwa ujanja wa kifundo cha mkono juu ya nyasi za Mungu zikajikuta zikishindana na wenye viwanja vya zulia kila mtaa. Seoul ya 1988 ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Kenya kucheza magongo kwenye Olimpiki. Mambo mengine yalichangia, sikatai. Familia nyingi zilizolea mchezo huu zilihamia Uingereza na Kanada zikaondoka na elimu yao. Lakini mimi nalishika zulia kuwa mshtakiwa wa kwanza, na nalishtaki huku nikilipenda, maana ndilo nililojifunzia kucheza vizuri.

Ufundi haukuondoka wote na walioondoka, na hapa ndipo penye furaha yangu. Nendeni magharibi mwa nchi wakati wa michezo ya shule za sekondari ya muhula wa kwanza, mkawatazame vijana wa Kamusinga, wa Musingu, wa St. Anthony's Kitale. Wengi wameanzia kwenye uwanja wa murram au nyasi za ng'ombe, mahali ambapo mpira unaweza kuruka kokoto ukakugonga kidevuni, na wakaja mjini na mikono myepesi ajabu. Nusu ya klabu ninayoiacha wamepitia viwanja vya namna hiyo. Mtu aliyejifunza kutuliza mpira kwenye murram hawezi kubabaishwa na zulia. Anauweka mwili nyuma ya gongo bila kuambiwa, kwa sababu udongo ulishamwambia.

Mimi ni beki wa kushoto, na nafasi hiyo ndiyo iliyonifanya niuheshimu mkono huu kuliko vile ningeuheshimu mahali pengine popote. Mwoneni winga wa kulia wa timu pinzani akija pembezoni. Mpira ameuweka kuliani mwake, upande wake mzuri, karibu na mstari. Kulia kwake ni kushoto kwangu, yaani upande ambao gongo langu haliufikii kwa raha. Nikijitupa kwa mikono miwili nimekwisha: ananipita nikiwa bado nageuza mwili. Kinachotakiwa ni kurudi nyuma kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa, gongo limelala karibu na zulia, macho kwenye mpira na si kwenye mabega yake, huku nikimnyima njia ya ndani na kumwachia ile ya nje inayoishia kwenye mstari. Kila mchezaji lazima auguse mpira tena. Kuna kitambo kidogo sana, chini ya sekunde, ambapo mpira umetoka kwenye gongo lake na haujaguswa tena. Hapo mkono wa kushoto unachomoka peke yake, umenyooka hadi mwisho, kichwa cha gongo kinaudokoa mpira kwa chini, na mkono unarudi nyumbani. Ukiukosa, bado miguu yako iko chini yako, bado umesimama kati yake na lango, na unaweza kudokoa tena.

Watazamaji hushangilia mabao. Sina ugomvi nao, na bao lililofungwa vizuri kutoka ukingoni mwa duara la mbele ya lango ni kitu cha kutazama. Lakini kumdokoa winga mwenye kasi, ukaondoka na mpira, kisha ukainua kichwa na kumpa kiungo wako pasi ya kusukuma inayopita katikati ya wawili, hiyo ni raha ambayo sijaipata kwenye kazi wala kwenye sherehe. Na haitokani na nguvu. Nimewaona mabeki wenye vifua vipana wakizungushwa na binti wa kidato cha tatu kwa sababu yeye alikuwa na subira na wao hawakuwa nayo.

Niseme na wenzangu sasa.

Mlinipokea nikiwa na viatu vya mpira wa miguu na gongo la kuazima. Mlinikopesha kinga za ugoko, mkanifundisha kukimbilia kona fupi, ile kona ya adhabu, bila kuyafumba macho, mkanipigia kelele "Gongo chini!" mpaka mke wangu akanisikia nikisema hivyo usingizini. Kipa wetu alinifundisha kusimama pale ninapomwachia aone mpira. Kapteni alinifundisha kunyamaza mbele ya mwamuzi, somo alilolitoa kwa shida kwa sababu yeye mwenyewe halikuwa limemwingia. Akina dada wa timu ya wanawake, ambao mazoezi yao yalitangulia yetu, walinifundisha pasi ya kufagia kwa kunionyesha tu, jioni baada ya jioni, bila hata kujua nawatazama. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa kwenye fomu ya uhamisho, na vyote nahama navyo.

Kuna wanaosema mchezaji anayehama anaiba siri za klabu. Sikubaliani nao. Mwalimu hakuutoa ufundi wake mfukoni, alipewa na watu wa klabu nyingine, ambao nao walipewa na wengine. Ungekuwa wa kufungiwa kabatini, ungekufa na wale walioondoka kwenda Uingereza. Huko niendako wapo wanaojua kuuburuta mpira na kuurusha langoni kwenye kona fupi vizuri kuliko sisi. Nitajifunza, na siku nikifika uwanja wa magongo wa City Park mapema, nitakayemkuta nitamwonyesha, awe amevaa jezi gani.

Ratiba ikitukutanisha, sitawaonea haya, nanyi msinionee. Winga wetu wa kulia, ambaye sasa ni winga wenu, ajue kwamba nimemkaba mazoezini Jumanne na Alhamisi tangu akiwa kijana. Namjua anavyoshusha bega la kushoto kabla ya kukata ndani. Na yeye ananijua vilevile, kwa hiyo itakuwa mechi nzuri, na baada ya filimbi chai ni juu yangu. Anayeshindwa atalipa mandazi.

Na wewe msomaji ambaye hujawahi kushika gongo, mwisho wa juma ukipata nafasi pita City Park ukawatazame wanaume na wanawake wanaocheza kwa ada zao wenyewe. Keti karibu na mstari, si juu jukwaani, uione mikono yao. Kama una gongo kuukuu uvunguni mwa kitanda, lako au la marehemu baba yako, lipeleke kwenye shule iliyo jirani nawe. Gongo jipya ni ghali kwa mzazi wa mtoto wa kidato cha kwanza, na mtoto haulizi limechezewa na nani.