Hofu Inapopewa Kipimo

Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu kati ya Kamembe na Bukavu, unateremka kuelekea Ziwa Tanganyika, na katika sehemu yake ya juu ndio unaozigawa Rwanda na Kongo. Mpaka ukiwa wazi, kina mama wa Rusizi huvuka alfajiri na nyanya, vitunguu, maziwa na samaki, wakapatana bei kwa Kiswahili. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Soko la Kamembe lilikuwa limekizoea zamani. Kwa watu hawa mkataba wa amani ni saa ya mpaka kufungwa jioni. Ni askari anayekagua kikapu, au jirani wa ng'ambo anayelipa deni la wiki iliyopita. Anayetaka kujua thamani ya msuluhishi na aje aipime hapa.

Wengi hudhani silaha yake ni maneno matamu. Lakini mahasimu wa muda mrefu hawana upungufu wa maneno matamu. Wameshapeana mikono mbele ya kamera mara nyingi. Kinachowazuia kupatana ni hofu, na hofu kubwa mara nyingi hujificha chini ya dai. Mmoja anadai viti vya mawaziri, kumbe anaogopa kuuawa siku atakapoweka silaha chini. Mwingine hataki wakimbizi warudi, kumbe anaogopa kunyang'anywa shamba alilolima miaka thelathini. Msuluhishi hodari huifukua hofu hiyo bila kumdhalilisha mwenye nayo, kisha huipa kipimo: idadi, tarehe, mahali, na atakayehakiki. Huo ndio ufundi ninaousifu.

Tazama kilichofanyika Arusha kuanzia Julai 1992. Serikali ya Rwanda na wapiganaji wa RPF walikuwa vitani tangu Oktoba 1990. Tanzania ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilikuwa mwenyeji na msuluhishi, na mezani kazi ya kila siku ilimwangukia Balozi Ami Mpungwe. Itifaki zilitiwa saini moja baada ya nyingine, hadi mkataba mzima ukakamilika tarehe 4 Agosti 1993. Ukiusoma leo utaona tarakimu kavu. Jeshi jipya na jandamari wawe watu 19,000. Wanajeshi asilimia 60 watoke serikalini na 40 RPF, lakini uongozi wa vikosi wagawane nusu kwa nusu. Hesabu hizo zimebeba hofu mbili. Waliotoka msituni waliogopa kumezwa na jeshi walilopigana nalo. Waliokuwa madarakani waliogopa kukabidhi bunduki zote. Asilimia 40 peke yake isingewatuliza wa kwanza, ndipo ikaja nusu ya uongozi.

Suala la wakimbizi lilikuwa zito zaidi, maana wengine walikuwa nje tangu 1959. Haki ya kurudi ilikubaliwa bila masharti. Lakini itifaki ya Juni 1993 ilipendekeza kwamba aliyeondoka zaidi ya miaka kumi nyuma asidai mali ambayo sasa inakaliwa na mwingine, na serikali imtafutie ardhi mahali pengine. Mkulima aliyeketi na mkimbizi aliyetamani nyumbani walikuwa wamehofiana kwa miaka mingi. Pale Arusha hofu zao ziliwekwa katika kifungu kimoja, zikatazamana. Nani angeweza kukitunga kifungu kile kwa hasira, au kwa haraka?

Na bado mkataba ule haukuokoa maisha. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa Kigali akitoka kwenye mkutano wa viongozi Dar es Salaam, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Zaidi ya watu milioni moja waliuawa. Hapa kwetu, Cyangugu ya wakati ule, watu walikusanyika uwanja wa Kamarampaka wakitafuta usalama, na wengi wao walitolewa humo wakauawa. Dhambi ile ni ya waliopanga na waliotekeleza. Hakuna haki ya kuitwika meza ya Arusha. Lakini fundi mwaminifu hukagua kazi yake. Walioapa kuuvunja mkataba walikuwa na redio, silaha na vijana waliofunzwa, wakati jeshi la Umoja wa Mataifa lililopaswa kuulinda lilikuwa na askari wapatao 2,500 wenye vifaa haba. Mauaji yalipopamba moto, Baraza la Usalama liliamua kulipunguza hadi watu 270. Hofu zilikuwa zimepewa vipimo, ila mizani haikuwa na mlinzi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miaka minne baadaye mji uleule wa Arusha uliwapokea Warundi, nao wakiwa vitani wao kwa wao. Mwalimu Julius Nyerere alifungua mazungumzo Juni 1998, na kamati ya kwanza aliipa kazi ambayo wengi wangeikimbia: kujadili chimbuko la mgogoro wenyewe. Kila upande ulikuwa na historia yake ya marehemu wake, na msema pweke hakosi. Mwalimu aliwataka waziseme historia hizo mbele ya wale wanaozipinga, kabla ya kugawana kiti hata kimoja. Kamati hiyo iliongozwa na Armando Guebuza wa Msumbiji, na ile ya amani na usalama ikawa chini ya padri Matteo Zuppi kutoka Italia. Wawili hao walijuana vizuri. Guebuza aliongoza ujumbe wa serikali ya FRELIMO katika mazungumzo ya Roma na waasi wa RENAMO, na Zuppi alikuwa miongoni mwa wasuluhishi waliowafikisha kwenye mkataba wa Oktoba 1992. Aliyesuluhishwa alikuja Arusha kusuluhisha wengine, pamoja na msuluhishi wake. Hivyo ndivyo ufundi huu unavyorithishwa: kwa waliowahi kukaa upande wenye hofu.

Nyerere alifariki Oktoba 1999 kabla ya kuvuna. Nelson Mandela alipokea kazi, akawabana na kuwahimiza, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukasainiwa. Humo tena hofu zilipata hesabu zake: kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi, na kila mkoa upeleke katika Seneti wajumbe wawili wa makabila tofauti. Makundi makubwa yenye silaha yalikuwa bado nje, na vita viliendelea kwa miaka. CNDD-FDD iliingia kwa makubaliano ya Pretoria mwaka 2003. Hata hivyo askari waliowahi kuwindana waliishia kuvaa sare moja, na hilo lilianza kama sentensi ndani ya chumba cha mkutano.

Sisi wa ukingo wa Rusizi tuna jozi yetu ya hofu, nayo ni kongwe. Rwanda inaogopa waliofanya mauaji ya kimbari na warithi wao walioko misitu ya Kongo. Kongo inaogopa majeshi ya Rwanda katika ardhi yake. Tarehe 30 Julai 2002, Pretoria, marais Paul Kagame na Joseph Kabila walisaini mkataba ulioziweka hofu hizo mbili bega kwa bega: kundi lenye silaha lidhibitiwe, jeshi liondoke, ndani ya siku 90, na Afrika Kusini pamoja na Umoja wa Mataifa wahakiki. Tarehe 27 Juni 2025, Washington, mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizi walisaini mkataba wenye jozi ileile na siku 90 zilezile; Desemba 4 marais Kagame na Félix Tshisekedi wakauthibitisha. Kati ya tarehe hizo kuna miaka 23, na Bukavu iliyotekwa na waasi wa M23 Februari 2025. Siku chache baada ya saini ya Desemba vita vilifika Uvira, na watu wa bonde la Rusizi wakakimbilia Burundi na huku kwetu.

Kuna watakaosema mazungumzo ni kupoteza muda. Mimi naona kinyume. Kama hofu ni zilezile baada ya miaka 23, basi zinafahamika, na kinachofahamika kinaweza kupimwa upya, safari hii na mhakiki asiyeondoka mapema. Mto huu wenyewe unao mfano. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire, ndiyo Kongo ya leo, ziliunda jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, na kutokana nayo likaja bwawa la umeme la Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989 chini ya kampuni ya nchi tatu. Jumuiya ilisinzia baada ya 1994, lakini bwawa lilibaki mali ya nchi zote tatu, pamoja na vita vyote. Waliojadili mgao wa umeme ule hawakumbukwi na mtu. Walifanya kazi ileile: kila mmoja ajue kiasi chake, na aweze kuhesabu.

Kwa hiyo mkataba unaofuata utakaposomwa redioni, wenzangu wa Kamembe na Bukavu, tusishangilie saini wala tusiibeze. Tuulize kila kifungu kimebeba hofu ya nani, kinatimizwa lini, na nani atasimama hapa darajani kukihakiki. Na wale waliokesha wakitafuta tarakimu ambayo maadui wawili wanaweza kuishi nayo, tuwape heshima tunayowapa majemadari, maana wao wanafanya kazi ngumu kuliko vita.