Mlishaji wa Mtambo

Mgeni akipelekwa kuona mtambo wa bayogesi, huonyeshwa jiko. Kiberiti kinawashwa, mwali wa buluu unaruka, watu wanapiga makofi. Mimi ningependa mgeni huyo apelekwe kwanza nyuma ya jiko, kwenye ndoo ya makombo, kwa sababu ufundi wenyewe uko pale. Tangi likishajengwa vizuri, kazi lililobakiwa nayo ni kutovuja tu. Anayeamua kama maharage yatachemka kesho ni mtu mwenye kisu, ndoo na subira, ambaye mara nyingi hata cheo hana. Hapa nitamwita mlishaji.

Tumezoea bayogesi ya samadi. Mitambo ya kuba inayochimbiwa ardhini, ile ambayo kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimeifanyia kazi tangu miaka ya 1980, ni mitambo ya mfugaji: ng'ombe wapo zizini, kinyesi kipo, kinakorogwa na maji na kumiminwa. Mjini hakuna zizi. Kuna wali uliobaki, ukoko, machicha ya nazi, maganda ya ndizi na ya viazi. Taasisi ya ARTI ya Pune, India, ilibuni mtambo mdogo wa kula mabaki ya namna hiyo: matangi mawili ya plastiki, moja limepinduliwa ndani ya jingine, la juu likipanda kadiri gesi inavyojaa. Mwaka 2006 kazi hiyo iliipatia Tuzo ya Ashden ya Uingereza. Mtambo huo ulifika Dar es Salaam, na pale Chuo Kikuu Ardhi ukapimwa kwa ushirikiano na watafiti wa taasisi ya Eawag ya Uswisi.

Samadi imeshapita tumboni mwa ng'ombe, na mnyama amekwisha chukua chake. Wali uliobaki sahanini bado una nguvu zake zote. Ndiyo maana kilo ya makombo hutoa gesi mara kadhaa zaidi ya kilo ya samadi. Kwa hesabu ya maabara, kilo moja ya wanga mkavu inaweza kutoa lita 400 hivi za methani, na kilo ya mafuta lita 1,000 hivi. Ukikumbuka kwamba jiko la kawaida la bayogesi hutumia lita 200 hadi 400 za gesi kwa saa, utaona utajiri tunaoutupa jalalani kila jioni. Lakini utajiri huo una masharti, maana kile kile kinachooza upesi ndicho kinachouchachua mtambo upesi.

Mtazame mlishaji akichambua. Humwaga ndoo kwenye sinia pana, hatumbukizi kitu tangini moja kwa moja. Vidole vinapita ndani ya bonge la ugali taratibu, vikitafuta mwiba wa samaki. Mifupa inatoka, maganda ya mayai yanatoka, kwa kuwa hayo hayaozi kwa wakati. Hutuama chini na kula nafasi ya tangi kidogo kidogo. Vijiti vya meno, vifuniko vya soda na vipande vya mifuko vinawekwa kando. Maganda ya machungwa na ndimu anayatenga pia, kwani mafuta yenye harufu yaliyomo huwadhuru vijidudu wanaoozesha chakula tangini. Maji ya sabuni hayasogei karibu. Mchuzi wenye mafuta mengi hamwagi ovyo, wala hautii wote kwa mkupuo. Anauweka na kuutia kidogo kidogo siku kwa siku, kwa sababu mafuta yakizidi huelea, hutoa povu, na asidi zake huwalemea vijidudu.

Kisha anakata. Ganda la ndizi lina nyuzi ngumu, na vijidudu huanza kulila kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo kila pigo la kisu linawafungulia mlango mpya. Penye kinu au mashine, anasaga. Hapa ndipo ninapomstahi zaidi, kwani anajua pa kukomea. Watafiti wa Japani waliopima jambo hili waliona kwamba kusaga makombo huongeza methani, ila yakisagwa laini kupita kiasi asidi hufumka kwa wingi na methani hupungua. Mlishaji mzoefu anataka uji mzito wenye chembechembe.

Uji huo haukorogi kwa maji ya bomba. Anachota maji meusi yaliyotoka upande wa pili wa mtambo, yenye vijidudu hai, na kuyarudisha ndani pamoja na chakula. Ndoo inafunikwa na kuachwa hadi asubuhi, ianze kulainika.

Ndani ya tangi kuna makundi yenye mwendo tofauti. Bakteria wa mwanzo wana haraka: wanavunja wanga kuwa sukari, na sukari kuwa asidi, kwa muda mfupi tu. Wanaotengeneza methani si bakteria. Ni arkea, viumbe ambao Carl Woese na George Fox waliwatenga katika kundi lao mwaka 1977. Hawa huongezeka polepole, na hustawi pH ikiwa kati ya 6.8 na 7.5. Ukimwaga ndoo tatu za wali siku ya harusi, wale wa mwanzo wataufanya mtambo mchachu kabla wa pili hawajafika. Kwa hiyo mlishaji hupima kwa mizani, huweka kiasi kile kile kila siku, na kuulisha mtambo kama mgonjwa anayepata nafuu.

Anajua dalili. Mwali ukianza kuyumba na kuzimika, ujue kabonidayoksaidi imezidi. Maji yanayotoka yakinuka uchachu, anachovya karatasi ya kupimia asidi, na rangi ikimpa jibu baya anaacha kulisha siku kadhaa. Anaongeza samadi, pengine na majivu au chokaa kidogo. Samadi ina faida nyingine ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliieleza vizuri: mtambo unaolishwa makombo matupu kwa muda mrefu hukosa chembe za madini kama seleniamu na kobalti, ukadhoofika huku ukiwa umeshiba. Ndoo ya samadi mara moja moja huleta madini, pamoja na arkea waliokuwa wakiishi tumboni mwa ng'ombe.

Ulaya kazi hii hufanywa na mashine kubwa, na kanuni za huko huagiza mabaki yenye asili ya mnyama yakatwe yasizidi milimita 12 na yapashwe joto la nyuzi 70 kwa saa nzima ili kuua vimelea vya magonjwa. Vyombo ni vingine, lakini mpangilio ni ule ule: kuchambua, kukata, kulainisha, kulisha kwa kipimo.

Kama wewe ni mkuu wa shule, mwenye mgahawa au msimamizi wa hospitali na unafikiria kujenga mtambo, weka kwenye bajeti mshahara wa mtu huyu kabla ya bei ya tangi. Mpe kisu kizuri, glavu, mizani, karatasi za kupimia, na mamlaka ya kukataa ndoo isiyochambuliwa. Na siku akisema mtambo usilishwe, mkubalie, hata kama jikoni wananung'unika.