Mwenye Macho na Aambiwe Tazama: Utetezi Mwingine wa Sheria za Kutunga Mashairi

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufika mahali akakutana na mgogoro wa ushairi. Tunafundishwa kwamba upande mmoja wako wanajadi, wanaoshikilia vina na mizani, na upande wa pili wako wanamabadiliko, ambao katika miaka ya 1970 waliandika mashairi huru. Katika mtihani tunaeleza hoja za kila upande, kisha tunatoa msimamo. Wengi wetu huchagua uhuru, kwa kuwa si rahisi kijana wa umri wetu kusimama na kutetea kitu kinachoitwa pingu. Mimi nitazitetea sheria, lakini kwa sababu isiyokuwamo katika madaftari yetu. Sizitetei kwa kuwa ni urithi wa mababu, wala sisemi kwamba bila vina shairi si shairi. Nazitetea kwa kuwa sheria iliyoandikwa ni mlango kwa mtu ambaye akili yake haikisii sheria isiyoandikwa. Mtu huyo ni msomaji ambaye uhakiki tunaofundishwa haumfikirii. Namjua vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nina usonji.

Usonji ni namna ubongo unavyokua na kufanya kazi tangu utotoni. Leo Kanner aliueleza kwa maandishi nchini Marekani mwaka 1943. Jina lake la Kizungu limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi. Waarabu husema tawahhud, neno lenye harufu ya upweke. Majina yote mawili yanamchora mtu aliyejifungia ndani yake, asiyewataka wenzake. Picha hiyo haitoshi. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili: kama mimi nashindwa kuusoma uso wako, nawe pia unashindwa kuusoma wangu, ila wewe uko upande wa walio wengi, kwa hiyo kosa linaandikwa kwangu.

Si kila mwenye usonji ana kipaji cha masomo. Wapo wanaohitaji msaada wa kila siku, hata wa kuvaa na kula, na utu wao haupungui kwa hilo. Lakini wapo pia wanaoweza kushika kichwani sura nzima za kitabu, na bado wasijue waingie lini katika mazungumzo ya watu watano. Kwa watu hao jumuiya ya wasomi ina ahadi kubwa kuliko mahali pengine popote. Ni mahali ambapo kulipenda jambo moja kupita kiasi hakupaswi kuwa kasoro. Swali langu ni kwa nini ahadi hiyo huvunjika mara nyingi, na fasihi yetu inatufundisha nini kuhusu namna ya kuitimiza.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Alikuwa shehe na mshairi, na baadaye akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Tanganyika. Jina la kitabu linatangaza mpango wake: sheria kwanza, mashairi baadaye. Mwandishi anaeleza vina ni nini, mizani huhesabiwaje na ubeti hukamilika vipi, kisha anatuonyesha tungo zake mwenyewe. Ni rahisi kukisoma kitabu hiki kama amri, na jina la mwandishi linakaribisha mzaha huo. Mimi nakisoma kama ukarimu. Anayeandika sheria anakubali kwamba huenda msomaji hazijui, na kwamba kutozijua si aibu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Amri alimwambia mwenye macho atazame, akamwonyesha na pa kutazama: hiki ni kina cha kati, hiki ni kina cha mwisho, mizani nane huku na nane kule.

Thamani ya ukarimu huo inaonekana zaidi tukikumbuka washairi walikutana wapi. Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga na kujibizana katika Mombasa, mji ambao watu walijuana nyumba kwa nyumba. Katika karne ya 20 uwanja ulipanuka. Gazeti la Mambo Leo lilianza Tanganyika mwaka 1923, na kurasa za mashairi za gazeti hilo na mengine yaliyofuata zikawakutanisha watu wasiojuana. Karani wa Tabora aliweza kujibiwa na mwalimu wa Tanga bila mmoja kuuona uso wa mwenzake. Hakuna aliyemuuliza kama anawatazama watu machoni au kama anacheka kwa wakati. Aliulizwa kama vina vimetimia na kama hoja imejibiwa. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, hakuzaliwa mwambao, lakini aliingia kwa mlango huo akawa mmoja wa washairi wakubwa wa Tanzania. Ndiye pia anayekumbukwa zaidi kwa ngonjera, utungo ambao mmoja husema akamaliza, ndipo mwingine akaanza. Wahakiki wameilaumu ngonjera kuwa ni mazungumzo yaliyokaushwa, kwa kuwa zamu zake zimepangwa mapema. Kwangu mimi zamu zilizopangwa ndizo zinazoniwezesha kuiweka akili yote kwenye hoja, badala ya kuigawa nusu kwa hoja na nusu kwa kuvizia nafasi ya kusema.

Mfano mzito zaidi ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka mwaka 1973. Mwandishi alifungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi?, na mashairi hayo aliyaandika kwa siri gerezani kwenye karatasi za chooni. Watu huuliza kwa nini mpinzani wa serikali aliyekuwa na ujasiri kiasi hicho hakuvunja pia sheria za ushairi. Jibu la kawaida ni kwamba alilelewa katika ukoo wa washairi. Ni jibu la kweli, lakini naona halitoshi. Katika diwani hiyo limo shairi la Mnazi: Vuta N'kuvute, ambamo ndugu wawili wanabishana juu ya mnazi, kila mmoja kwa zamu yake. Mtu aliyenyimwa watu wa kusema nao aliandika majadiliano. Sisemi kwamba usonji ni gereza. Mimi sikufungwa na mtu. Ninachosema ni kwamba umbo lenye sheria za wazi linabeba watu ndani yake. Anayehesabu mizani yuko pamoja na wote waliohesabu kabla yake, hata kama chumbani yuko peke yake.

Wanamabadiliko nao wana hoja nzito. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, walithibitisha kwamba shairi la Kiswahili linaweza kusimama bila vina. Wapo waliowajibu kwamba tungo zao si mashairi kabisa. Hapo mlango uligeuzwa ukuta, na likitokea hilo mimi nipo na walioachwa nje. Aidha, kila mmoja wetu amewahi kusoma shairi lililotimiza mizani zote na lisiseme lolote.

Hata hivyo, tazama alichofanya Kezilahabi. Hakumwacha msomaji gizani. Aliandika utangulizi akaeleza ni lugha gani anataka kuitumia na kwa nini. Kwa maana hiyo yeye na Amri, ambao mitihani yetu huwaweka pande mbili, wanakutana katika jambo moja: kila mmoja alisema wazi anachokifanya. Mgogoro ninaouona mimi uko kati ya kanuni iliyo wazi na kanuni iliyojificha, na kanuni iliyojificha inaweza kukaa kwa wanajadi au kwa wanamabadiliko. Mhakiki anayeandika kwamba shairi halina mvuto, bila kueleza mvuto ni nini, amefunga mlango akaondoka na ufunguo.

Sasa niyapeleke haya katika chumba cha semina, kwa sababu uhakiki wetu mwingi tunaufanya kwa mdomo. Semina ina sheria nyingi kuliko shairi la tarbia, ila hazikuandikwa popote. Lazima ujue pumzi ya mwenzako inapoishia ili uingie kabla ya mwingine. Lazima ujue swali lipi la mhadhiri linataka jibu na lipi ni la kupamba tu. Lazima utazame machoni, lakini si sana. Nyumbani kwetu mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa ana adabu, nami nilisifiwa kwa hilo. Chuoni macho yaleyale yaliitwa kutojiamini. Niliwahi kuandikiwa kwamba sishiriki darasani, katika muhula ambao nilikuwa nimeisoma riwaya iliyokuwa ikijadiliwa mara tatu. Sheria ilikuwa imebadilika bila tangazo.

Hapa Arua jambo hili haliwahusu wenye usonji peke yao, kwa sababu wengi wetu tumekiingia Kiswahili kwa mlango wa nyuma. Kilitufikia kwa wanajeshi, kwa Wanubi, na kwa wafanyabiashara wanaovuka mpaka kutoka Ariwara na kwingineko Kongo. Mwaka 1973 Idi Amin, ambaye asili yake ni Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na mpaka leo wapo Waganda wanaokisikia kama mlio wa bunduki. Tukisema darasani, mmoja ana lafudhi ya Kongo, mwingine ana Kiswahili cha kambini, na aliyesoma sekondari Kenya anatucheka wote. Kwa mdomo yeye hushinda kabla ya hoja kuanza.

Mwaka wa pili wanafunzi wanne tulianza daftari la majibizano. Wawili ni Walugbara, nami nikiwa mmoja wao. Wa tatu ni Mkakwa wa Koboko. Wa nne ni wa familia iliyokimbia vita Sudan Kusini. Ukurasa wa kwanza tuliandika masharti: kila mtu ana siku mbili za kujibu, anajibu kwanza ubeti uliotangulia ndipo aongeze lake, na hakuna kumjibu mtu kwa mdomo kabla hajaandikiwa. Ubishi wetu mrefu kuliko wote ulikuwa juu ya neno mbu. Mwenzetu wa Koboko alisema lina mizani moja, kwa kuwa mdomo unafunguka mara moja. Tukarudi kwenye kanuni ya mkazo: katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika mbu unakaa kwenye m, kwa hiyo m ni silabi kamili, na neno lina mizani mbili. Katika mbuzi, m haisimami peke yake. Nalo lina mizani mbili. Basi mbu na mbuzi wana uzito sawa. Tulicheka sana, nami nilicheka wakati uleule waliocheka wenzangu, kwa sababu niliijua sheria iliyokuwa chini ya kichekesho. Baadaye mwenzetu wa Sudan Kusini alitaka kuandika mashairi huru. Tulikubali kwa sharti moja: aandike juu ya ukurasa ni kitu gani kinalifunga shairi lake. Mashairi yake ndiyo bora zaidi katika daftari lile.

Ni daftari la kurasa 96 tu, na halijabadilisha chuo. Lakini ndilo mahali pa kwanza ambapo nilikuwa miongoni mwa wasomi bila kujifanya mtu mwingine, na masharti yaliyonipa nafasi hiyo yalimpa nafasi pia Mkakwa aliyechekwa kwa lafudhi yake. Kwa hiyo ninayoyaomba ni madogo. Mhadhiri anayetoa alama za ushiriki aandike ushiriki ni nini, na akubali hoja iliyoletwa kwa karatasi. Tunapofanya semina, zamu zijulikane. Na tunapofundishwa mgogoro wa ushairi, kabla ya kuulizwa kama sheria ni pingu au ni urithi, tuulizwe zimewekwa wazi kwa nani na nani ameachwa akikisia. Imepita miaka zaidi ya 70 tangu Amri Abedi aandike za kwake. Za semina zetu bado hazijaandikwa.