Kufuli la Peterson na Mpangilio wa Kumbukumbu

Mwaka 1981 Gary Peterson alichapisha algoriti fupi ya kuzipokeza zamu nyuzi mbili, yaani mifululizo miwili ya maagizo inayotekelezwa kwa wakati mmoja, ili zisiingie pamoja katika eneo nyeti, sehemu ya programu inayogusa data ya pamoja. Kila uzi huandika 1 katika bendera yake, humwachia mwenzake zamu, kisha husoma bendera ya mwenzake, na ukiikuta imeinuliwa ilhali zamu bado ni ya mwenzake, husubiri. Uthibitisho wake hauna kasoro. Hata hivyo, algoriti hiyo ikiendeshwa kama ilivyo kwenye kichakataji cha x86, nyuzi zote mbili zaweza kuingia.

Chanzo ni bafa ya uandishi, hifadhi ndogo ambamo kila kiini cha kichakataji huweka kwanza thamani kinazoandika, huku kikiendelea na maagizo yanayofuata bila kungoja zifike kwenye kashe. Uzi wa kwanza unaposoma bendera ya pili na kukuta 0, ile 1 uliyoiandika ingali bafani, haionekani na kiini kingine. Na uzi wa pili, kwa sababu iyo hiyo, nao hukuta 0. Hakuna kifaa kilichoharibika hapa. Kilichokosekana ni sharti ambalo Leslie Lamport alilifafanua mwaka 1979, uthabiti wa mfuatano, linalodai matokeo yawe kana kwamba maagizo yote yalitekelezwa moja baada ya jingine, kila uzi ukifuata mpangilio wa programu yake.

Dawa ni kuweka kati ya kuandika na kusoma agizo la kizuizi, mfence, linalolazimisha bafa imwagwe kwanza. Kompaila nayo ina ruhusa ya kupangua maagizo, hivyo tangu 2011 viwango vya C na C++ vimeweka aina za atomiki zinazofunga kompaila na kichakataji pia.

Kwa hiyo kufuli lina kazi mbili, na ya pili ndiyo husahauliwa zaidi: kuhakikisha kwamba yote yaliyoandikwa kabla ya kuliachia yanaonekana kwa atakayelishika baadaye. Kwenye x86 uandishi wa kawaida hutosha kuliachia, ilhali kulishika hufanywa kwa agizo kama xchg, ambalo lenyewe humwaga bafa. Kwenye ARM ya biti 64, ambako hata uandishi mmoja waweza kuutangulia mwingine, kuachia nako kuna agizo lake, stlr.